Mtoto wa kufikia na baba mkali: barua zenu na majibu yetu

Barua za safari hii zimekutana penye jambo moja: mvulana, mama yake, na mwanamume aliyeingia nyumbani baadaye. Tumezifupisha na kuondoa majina. Ya kwanza tumeitanguliza kwa sababu haiwezi kungoja.

Alinikaba shingo, mama anasema nivumilie

*Shikamooni. Nina miaka 15. Baba wa kambo akilewa huniita mzigo na kuniambia nimfuate baba yangu. Siku zote nilikuwa nanyamaza. Jumanne iliyopita nilimjibu, akanikaba shingo na kunibana ukutani mpaka nikaona giza. Mama aliona. Anasema nivumilie kwa sababu ndiye anayenilipia ada. Nataka kutoroka.*

Marahaba, mwanetu. Umefanya vyema kuandika, na uliyoyaandika tunayaamini. Kumjibu mtu mzima kwa ukali kunaweza kuwa kosa la adabu. Kumkaba mtoto ni jambo lingine kabisa, na halikuletwa na ulimi wako.

Tuanze na mwili wako. Kukabwa shingo si sawa na kupigwa kofi. Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hupita pembeni mwa shingo, na ikibanwa kwa sekunde chache tu mtu huona giza au kuzimia. Madhara yanaweza kujitokeza saa au siku kadhaa baadaye, kwa sababu koo huvimba kwa ndani au ukuta wa mshipa huwa umechanika, na mara nyingi ngozi haina alama yoyote. Kwa kuwa uliona giza, nenda ukapimwe hata kama unajisikia vizuri. Sauti ikiwa imekwaruza, ukiumia unapomeza, ukipumua kwa shida, kichwa kikiuma, mkono au mguu ukilegea, au ukiona vidoa vyekundu kwenye macho, nenda saa hiyo hiyo. Usiseme ulianguka. Sema: "Nilikabwa shingo na mtu mzima nyumbani, nikaona giza." Maneno hayo yanabadilisha namna daktari atakavyokupima na kile atakachokiandika.

Kisha tafuta mtu mzima asiyelala katika nyumba hiyo: mwalimu, mjomba, shangazi, jirani, kiongozi wa dini, afisa ustawi wa jamii. Usianze kwa kuzunguka, "nyumbani kuna matatizo", maana wengi wakisikia hivyo hukujibu uwaheshimu wazazi, mazungumzo yakaishia hapo. Taja tukio, taja siku, taja unachoomba: "Jumanne usiku baba wa kambo alinikaba shingo nikaona giza. Mama aliona. Naogopa kulala nyumbani. Naomba unisaidie leo." Wa kwanza akikupuuza, nenda kwa wa pili, hata wa tatu. Watoto wengi hunyamaza baada ya kukataliwa mara moja, wakidhani wameeleza vibaya, kumbe aliyekosea ni msikilizaji. Nchi nyingi zina namba ya simu ya bure kwa watoto walio hatarini. Mwalimu au mhudumu wa afya anaweza kukupa ya kwenu. Akirudia kukushika shingo, au akikutishia kwa silaha, usingoje kumtafuta mwalimu kesho. Toka nje, uite watu, na polisi waitwe.

Kuhusu kutoroka: kuondoka na kutoroka ni vitu viwili. Kuondoka ni kwenda kwa mtu unayemjua, anayejua kwamba unakuja, na kuna mtu wa pili anayejua ulipo. Kutoroka kwenda usikokujua kunakutoa mikononi mwa mmoja na kukutia mikononi mwa wengi. Jiandae kuondoka. Weka kwa mtu unayemwamini begi lenye sare, madaftari, nauli, dawa kama unatumia, na nakala ya cheti chako cha kuzaliwa. Kariri namba 2 za simu kichwani, kwa sababu simu hunyang'anywa au huisha chaji. Akirudi amelewa, usibishane naye hata kama una haki. Pombe haisikilizi hoja. Kaa karibu na mlango wa kutokea, usikimbilie jikoni penye visu wala chumba chenye mlango mmoja. Akimgeukia mama yako, usiingie katikati. Msaada mkubwa unaoweza kumpa saa hiyo ni kutoka nje na kuita watu.

Na hiyo ada. Kulipa ada hakumpi mtu ruhusa ya kukuumiza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 19, unamlinda mtoto dhidi ya ukatili wa mzazi, mlezi au mtu mwingine yeyote anayemtunza. Baba wa kambo yumo humo. Huenda mama yako naye anaogopa: kupigwa, kufukuzwa, kubaki bila pesa. Hofu hiyo inaweza kueleza kwa nini amenyamaza, lakini wewe hujapewa kazi ya kutunza siri hiyo. Na kama kuna siku unawaza ni bora ufe, mwambie mtu mzima leo, kwa neno hilo hilo.

Mwanangu ameharibika tangu niolewe

*Nina mtoto wa kiume wa miaka 13. Nimeolewa mwaka mmoja na nusu sasa. Mume wangu hampigi, ila ni mkali: anamfokea, anamnyang'anya simu mwezi mzima, anakagua daftari zake. Mtoto amekuwa mbishi, anabamiza milango, alama zimeshuka, ametoroka shule mara 3. Mume anasema namdekeza, mtoto anasema nimemsaliti. Nimechoka kusimama katikati.*

Dada yetu, kwanza hesabu ya muda. Mwaka na nusu ni mapema mno. Patricia Papernow, mwanasaikolojia wa Marekani aliyezisoma familia za namna hii kwa miaka mingi, anaeleza kwamba nyingi huchukua miaka 4 hadi 7 kutulia, na nyingine zaidi ya hapo. Umri nao umewaangukia vibaya: kati ya miaka 10 na 15 hivi ndipo baba mpya hupokelewa kwa shida kubwa kuliko wakati wowote, kwa sababu mtoto yuko katika kujiondoa chini ya amri za wazazi alionao, na hapo hapo anaongezewa mwingine.

Liko jambo ambalo wavulana hawalisemi. Mlipoishi wawili, huyu alikuwa mtu mkubwa. Alijua pesa zimebaki ngapi, alifunga milango usiku, labda alikufuta machozi. Siku ulipoolewa alishushwa cheo bila kuulizwa. Tena kumpenda mgeni kunamfanya aone anamwibia baba yake mzazi, awe hai au marehemu. Huzuni hiyo kwa mvulana wa miaka 13 haionekani kama huzuni. Inaonekana kama hasira, uvivu na kiburi. Watu wazima wanaiadhibu, nayo inazidi.

Sasa tazameni ugomvi wenyewe unavyojengwa. Baba anaamuru simu iwekwe. Mtoto anajifanya hasikii. Baba anapandisha sauti, mtoto anajibu, baba anafoka, mtoto anafoka zaidi na kubamiza mlango. Hapo mambo mawili hutokea. Ama baba anachoka na kuacha, mtoto akajifunza kwamba ukifoka vya kutosha unaachwa. Ama mtoto anatishika na kutii, baba akajifunza kwamba bila kufoka hasikilizwi. Kesho kila mmoja anaanzia pale alipoishia jana. Gerald Patterson, aliyewachunguza wavulana wakorofi na familia zao huko Oregon, Marekani, aliueleza mzunguko huu kuwa ni wa kulazimishana. Hauvunjiki kwa kumtafuta aliyeanza. Unavunjika pale mtu mzima anapoacha kupanda ngazi ya pili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haimhusu mtoto. Kaeni wewe na mumeo, mtoto akiwa hayupo, nusu saa au dakika 40, na siku ambayo hamjagombana. Andikeni kanuni za nyumba zisizozidi 5, kila moja iwe jambo linaloonekana kwa macho. "Awe na heshima" si kanuni, kwa sababu kila mtu anaipima kwa kipimo chake. "Simu inawekwa sebuleni saa 3 usiku" ni kanuni, na inamfunga kila anayelala humo, ninyi wawili mkiwemo. Mbele ya kila kanuni andikeni kitakachofuata ikivunjwa.

Kisha likubalieni hili, ambalo wanaume wengi hulimeza kwa shida: kwa mwaka wa kwanza au miwili, anayetoa adhabu ni wewe mama. Mumeo anasimamia kanuni zako usipokuwepo, kama ambavyo mjomba angefanya. Maneno yake ni mafupi: "Mama yako amesema simu ni saa 3. Ni saa 3." Asiongeze hotuba. Mtoto akikataa, anakuachia wewe, na wewe unatekeleza jioni hiyo hiyo. E. Mavis Hetherington, aliyefuatilia familia za waliotalikiana na kuoa tena kwa miongo kadhaa, aliona kwamba mwanamume anayeanza kwa kumuunga mkono mama na kujenga urafiki na mtoto hupokelewa vizuri kuliko anayeanza kwa kushika usukani. Sababu iko wazi: nidhamu hukopa nguvu yake kwenye mapenzi yaliyotangulia, na huyu bado hana akiba hiyo kwa mtoto wako.

Lakini mpango huu una upande wako pia, na hapo ndipo akina mama wengi hukwama. Ukimpokonya mumeo fimbo ya adhabu halafu wewe mwenyewe usiadhibu, umemwacha mtoto bila mlinzi wa kanuni. Ukimrudishia simu kwa siri "kwa leo tu", umemfundisha mtoto kuwagonganisha, na umempa mumeo sababu ya kurudi kwenye ukali. Hapo anaposema unamdekeza, msikilize. Huenda nusu ya neno lake ni kweli.

Ile adhabu ya mwezi mzima iacheni. Mtoto aliyepokonywa simu siku 30 hana tena cha kupoteza siku ya pili, na kwa kawaida mtu mzima hafiki hata siku ya 10 bila kulegeza. Saa 24 zinatosha. Kesho anaanza upya, na kesho ana kitu cha kulinda. Adhabu ilingane na kosa: aliyechelewa kurudi nusu saa, kesho anarudi nusu saa mapema. Na usiitamke katikati ya makelele. Sema, "Nitakuambia baada ya chakula," kisha umwambie kweli.

Tenga pia dakika 15 kila siku za wewe na yeye tu. Yeye ndiye achague mtakachofanya, simu yako iwe mbali, na masomo, makosa na mumeo visitajwe. Dakika hizo haziondolewi kama adhabu, hata siku aliyovunja sahani zote. Akikuambia hana haja nazo, kaa karibu naye ukifanya jambo lako. Hatakushukuru, lakini atajua upo.

Shule nayo iulizwe pembeni, isiunganishwe moja kwa moja na baba wa kambo. Mtoto anayetoroka mara 3 anakimbia kitu au anafuata kitu. Muulize mwalimu ni siku zipi na vipindi vipi. Ikiwa ni kipindi kile kile kila mara, tazama somo au mtu anayemwonea. Ikiwa ni asubuhi, tazama usingizi: wa umri wake anahitaji saa 8 hadi 10, na aliyelala kwa saa 6 tu huamka tayari amekasirika.

Mkianza, tegemeeni wiki 2 za kwanza ziwe mbaya kuliko sasa. Mtoto aliyezoea kwamba kelele huleta kitu huongeza kelele kabla ya kuziacha, na familia nyingi huacha mpango wiki ya kwanza zikidhani umeshindwa. Andika kwenye kalenda kila siku yenye kufoka, iwe ni yeye au ni ninyi. Baada ya wiki 6 linganisha. Kama siku zimepungua hata kwa theluthi, endeleeni. Kama hazikupungua, au anaanza kujiumiza, kuiba au kutumia vilevi, au amepoteza hamu ya kila alichokipenda kwa zaidi ya wiki 2, mpelekeni kwa daktari au mshauri nasaha wa watoto. Huzuni nzito kwa vijana huvaa sura ya ukorofi.

Namlisha, namsomesha, hata salamu hanipi

*Nimemlea mtoto wa mke wangu tangu akiwa na miaka 8, sasa ana 12. Nalipa kila kitu. Haniiti baba, ananipita kama sanamu. Nikimkumbusha ninayomfanyia, mama yake ananuna. Juzi nilimchapa, na sasa wote wawili hawasemi na mimi. Kosa langu liko wapi?*

Ndugu yetu, kulea mtoto asiye wa damu yako ni kazi nzito, na ni kweli kwamba wachache huishukuru. Tunalisema hili kwanza kwa sababu barua yako ina uchungu, na mwenye uchungu asiposikilizwa hageuki.

Neno "baba" huwezi kulidai. Kwa mtoto neno hilo lina mwenyewe, hata kama mwenyewe alitoweka zamani. Muulize angependa kukuitaje, na ukubali jibu lake, alimradi lisiwe tusi. Salamu ni jambo jingine; hiyo ni adabu, na ina haki ya kuwa kanuni ya nyumba, mradi mama yake ndiye anayeisimamia. Wewe msalimie kwanza kila siku, kwa jina lake, bila kungoja kwa macho kama ataitika. Wengi husalimia siku 4, wakanyamaziwa, wakaacha. Mvulana anahesabu. Anataka kujua kama utaendelea.

Acha kabisa kumtajia gharama. Unadhani unamkumbusha wema wako, yeye anasikia kwamba anaishi kwa mkopo. Mtoto mwenye deni asiloweza kulilipa hujitahidi kumchukia anayemdai, maana chuki ndiyo njia pekee iliyobaki ya kushika kichwa juu. Na usimseme baba yake, hata pale anapostahili. Mtoto anajijua kuwa ni nusu ya mtu huyo.

Njia ya kumfikia mvulana wa miaka 12 si kumkalisha uso kwa uso mzungumze. Wavulana wengi hufunguka bega kwa bega, mikono ikiwa na kazi: kutengeneza baiskeli, kuosha gari, kutembea kwenda mahali. Mara 2 kwa wiki, dakika 20 au 30, inatosha. Mpe sehemu ya kazi inayohitaji akili, usimfanye wa kushika taa tu. Akikosea, hesabu hadi 10 kabla ya kuchukua bisibisi mkononi mwake. Mkimaliza, taja kitu kimoja alichofanya vizuri, kwa usahihi: "Umekaza nati kwa mpangilio, haikupinda." Sifa ya jumla kama "hongera, kijana hodari" humpita.

Sasa kuchapa. Tunakusihi uache, na iwe leo. Kipigo hunyamazisha tendo kwa saa moja na kumfundisha mtoto kujificha vizuri zaidi. Kikitoka kwa mtu asiye wa damu yake, hata chepesi, mtoto hukisoma kama tangazo la vita. Tena katika nchi nyingi ndoa peke yake haikupi mamlaka ya mzazi kisheria juu ya mtoto wa mkeo, na sheria inaweza kukuona kama mtu mwingine yeyote aliyempiga mtoto.

Muombe radhi, ukiwa umekaa, mama yake akiwepo: "Nilikuchapa juzi. Nilikosea. Sitarudia. Kanuni ya nyumba bado ipo, na mama yako ataisimamia." Ishia hapo. Ukiongeza "lakini na wewe ulinikera", umefuta yote. Usimdai akusamehe saa hiyo. Hutapungukiwa na heshima. Mvulana hajifunzi kuomba radhi mpaka amwone mwanamume akiomba.

Hasira ikikupanda utaijua mwilini kabla ya mdomoni: taya linakaza, masikio yanapata moto, mikono inataka kushika kitu. Hapo sema, "Nimekasirika. Tutaongea saa 2 usiku," kisha ondoka chumbani. Mwili huhitaji dakika 20 hivi kushuka, mradi hukai ukiurudia ugomvi kichwani. Tembea, oga. Mtoto akiingia chumbani kwake, usimfuate mlangoni. Ugomvi mwingi unaomalizika kwa kipigo hupita kwenye mlango huo. Na saa 2 ikifika, rudi kweli. Asiyerudi hakupoa, amenuna tu.

Akitoka kwa baba yake anakuwa mtu mwingine

*Mwanangu wa miaka 10 huenda kwa baba yake wikiendi. Akirudi, siku 2 anamchokoza mume wangu kwa kila jambo. Nafikiri baba yake anamtia maneno.*

Inawezekana anatiwa maneno, lakini hata wasiotiwa maneno hurudi hivyo. Amehama nyumba moja yenye kanuni zake na kuingia nyingine, na ameachana na mtu anayempenda. Mpe saa 2 au 3 za kwanza bila maswali na bila kazi. Usimuulize baba yake alisema nini, kalala wapi, nani alikuwepo. Ukimfanya shahidi leo, wiki ijayo atakuwa shahidi huko. Mumeo amsalimie tu, asianze na daftari. Ujumbe wa pesa na ratiba uende kwako na kwa baba yake moja kwa moja, kwa maandishi, usipite mdomoni mwa mtoto. Akisema "baba anasema huyu ni mjinga", jibu: "Hayo ni ya watu wazima, nitaongea naye mwenyewe," na mrudi kwenye mliyokuwa mkifanya.

Ila tofautisha uchokozi na woga. Mtoto anayechokoza anamtafuta mume wako. Anayeogopa anamkwepa, anashtuka akisikia mlango, anataka ulale karibu naye. Ukiona ya pili, soma jibu linalofuata.

Mjukuu wangu ameanza tena kukojoa kitandani

*Mjukuu wangu ana miaka 9. Aliacha kukojoa kitandani zamani, sasa ameanza tena tangu mama yake aolewe. Akija kwangu hataki kurudi kwao, analia tumbo. Nikimuuliza kama anapigwa, anatikisa kichwa tu.*

Shikamoo, bibi. Mtoto aliyekauka kwa miezi 6 au zaidi kisha akaanza tena ni wa kupelekwa kwa daktari kwanza. Mkojo wenye maambukizi, kisukari, na choo kigumu huleta hali hiyo hiyo. Akiwa anakunywa maji mengi kuliko kawaida, anakojoa mara kwa mara mchana na anakonda, mpelekeni siku hiyo hiyo bila kungoja. Asiaibishwe wala kufuishwa shuka kama adhabu. Akiwa amelala hajui anachofanya. Vipimo vikiwa safi, hofu au mabadiliko ya nyumbani ndiyo ya kutazamwa, na baba wa kambo anaweza kuwa mkali tu, au anaweza kuwa hatari. Usihukumu mapema upande wowote.

Swali la "unapigwa?" limefunga mlango, kwa sababu jibu lake ni ndiyo au hapana, na mtoto anajua "ndiyo" italeta kishindo. Ulizeni mkiwa mnafanya kitu pamoja, kwa maneno yaliyo wazi: "Niambie siku yako ikoje kuanzia ukitoka shule mpaka kulala." Kisha: "Ni wakati gani nyumbani unapenda zaidi? Upi hupendi?" Akianza kusema, usimkatishe, usimlishe maneno, usishtuke usoni. Swali moja la kuendeleza linatosha: "Halafu ikawaje?" Usimrudishe kwenye simulizi hiyo tena na tena, wala usiwaite ndugu waje wasikie. Andika aliyosema kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe.

Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie: "Nitawaambia tu wale wanaoweza kukusaidia." Akitaja kipigo cha kuumiza, kushikwa sehemu za siri, kutishwa kwa silaha, kufungiwa au kunyimwa chakula, usimwite baba wa kambo kumhoji. Ukimwuliza wewe, mtoto ndiye atakayejibu kwa hilo usiku. Peleka taarifa kwa ustawi wa jamii au polisi, na mtoto asirudi huko kabla hawajakupa jibu.

Na kama kinachotoka ni ukali wa maneno na upweke, zungumza na binti yako peke yake. Mwonyeshe ulichoandika, umsomee jibu la pili hapo juu, na umwombe mtoto aje kwako siku ile ile kila wiki, ili awe na siku ya kuihesabia.